Lile dude haliibi: jinsi Alien: Isolation inavyomwinda mchezaji

Siku mtu akiacha mpira na kuweka Alien: Isolation, gemu ya kutisha, kwenye kibanda cha gemu hapa Mwanga, Kigoma mjini, utasikia lawama ileile kwa kila anayeshika pedi: "Gemu inaiba. Lile dude linajua nilipo." Mchezaji amejifungia kabatini, amezima tochi, hata pumzi ameibana. Kituo cha anga anachojifichamo kina korido na vyumba visivyohesabika, lakini kiumbe mrefu mweusi anaingia chumba hichohicho. Anaizunguka meza, anatoka, anarudi tena. Waliokaa kwenye benchi nyuma yake wanamuunga mkono: kaka, hata mimi lilinifanyia hivyohivyo.

Lawama hiyo ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowaharibia watu uchezaji. Ni kweli kwamba ndani ya gemu kuna kitu kinachojua ulipo kila sekunde. Lakini kitu hicho si kiumbe. Kiumbe mwenyewe haambiwi ulipo. Watengenezaji waliweka ukuta kati ya anayejua na anayewinda, na waliuweka kwa makusudi kabisa. Hofu yote ya gemu hii inatoka kwenye ukuta huo, na asiyeujua anamaliza usiku kabatini akisubiri hatari ipite, wakati kusubiri kwake ndiko kunakoiita hatari irudi.

Tuanze na gemu yenyewe. Ilitoka tarehe 7 Oktoba 2014. Imetengenezwa na Creative Assembly wa Horsham, Uingereza, studio iliyojulikana zaidi kwa Total War, zile gemu za kuongoza majeshi ukiyatazama kutoka juu. Wachapishaji ni Sega. Hadithi imejengwa juu ya filamu ya Alien ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Ridley Scott, ambamo kiumbe mmoja anaingia kwenye meli ya anga iitwayo Nostromo na kuwamaliza wafanyakazi mmoja baada ya mwingine, akabaki Ellen Ripley. Gemu inaanza miaka 15 baadaye, mwaka 2137. Wewe ni binti yake, Amanda Ripley, fundi aliyekua bila kujua mama yake alipotelea wapi. Anapata habari kwamba kinasa safari cha Nostromo kimepatikana, kiko kwenye kituo cha anga cha Sevastopol. Anakifuata. Anakuta kituo kinakufa: wakazi wamejigawa makundi yenye bunduki, wanamwogopa kila mgeni, roboti wa kuhudumia watu wamegeuka wauaji, na juu ya hayo yote kuna kiumbe anayewinda kila mwenye pumzi.

Kiumbe huyo huwezi kumuua. Jambo hili inabidi lieleweke mapema kwa sababu gemu inakupa silaha, na mtu aliyelelewa kwenye gemu za vita akipata bastola anadhani amepewa jibu. Bastola inaua binadamu. Kwa kiumbe kazi yake ni kumwambia uko wapi. Bunduki ya moto, ambayo utaipata baadaye, inamfukuza kwa muda tu, na mafuta yake ni haba. Chupa ya petroli ni hivyohivyo.

Gemu za kutisha ambazo kazi yako kubwa ni kunusurika zina historia yake. Jina la aina hii lilienea na Resident Evil ya Capcom mwaka 1996, ambayo ilikubana kwa risasi chache na mikoba midogo. Mwaka 2010 Frictional Games wa Sweden walitoa Amnesia: The Dark Descent, wakaondoa silaha kabisa na kukufanya uone kila kitu kwa macho ya mhusika. Mwaka 2013 Outlast ya Red Barrels wa Kanada ikafuata njia hiyo, mchezaji akiwa na kamera ya video tu na betri za kuhangaikia. Nazipenda zote. Ila katika gemu za namna hiyo adui mara nyingi ana njia yake ya doria, na ukifa mara kadhaa mahali pamoja unaikariri: anapita hapa, anageuka pale, sasa vuka. Hofu inageuka kuwa mtihani ambao majibu yake unayo. Wale wa Horsham walitaka adui asiyekaririka. Ukifa na kurudia chumba kilekile, awe amekuja kwa mlango mwingine, au asije kabisa.

Macho ya mhusika yana kazi kubwa hapa. Kwenye gemu ambayo kamera iko nyuma ya mtu wako, unaweza kusimama salama nyuma ya ukuta na bado ukaona korido nzima, kwa sababu kamera inachungulia kwa niaba yako. Hapa hakuna anayekuchungulia. Ukitaka kujua kama yuko kwenye korido, lazima uinamishe kichwa nje ya kona, na kichwa hichohicho ndicho atakachokiona. Ukichuchumaa chini ya meza unaona miguu tu. Kabatini unaona kupitia vitundu vya mlango. Kila unachokijua juu yake unakilipia kwa kujionyesha kidogo.

Chombo chako kikuu ni kitambuzi cha mwendo, kidude cha mkononi chenye kioo cha kijani kinacholia kila kitu kinaposogea mbele yako. Kinasaidia sana, na kina vikwazo vitatu ambavyo mgeni huwa havioni. Hakionyeshi kitu kilichosimama, kwa hiyo kimya chake hakimaanishi usalama. Kinakuonyesha umbali na upande, lakini hakikuambii kama huyo anayesogea yuko sakafuni au anatambaa kwenye njia za hewa juu ya kichwa chako. Na ukikiinua, macho ya Amanda yanakitazama chenyewe, na mbele yako kunakuwa na ukungu mpaka ubonyeze kitufe kuhamisha macho. Ama unasoma kifaa, ama unatazama korido. Tena mlio wake unasikika, na kiumbe akiwa karibu anaweza kuufuata. Akiingia chumba ulichomo, kishushe.

Kusevu nako ni hatari. Ukutani kuna simu za dharura, moja hapa, nyingine mbali. Unachomeka kadi, unasubiri taa tatu ziwake moja moja, kisha ndipo maendeleo yako yanahifadhiwa. Dunia haisimami wakati huo. Watu wameuawa wakiitazama taa ya tatu.

Sasa tuingie kwenye kiini.

Gemu hii ina mifumo miwili ya akili mnemba inayofanya kazi kwa pamoja. Wa kwanza tuuite mwongozaji. Huu hauonekani popote kwenye kioo. Ni sehemu ya programu inayoangalia mchezo wote kutoka juu, na unajua wakati wote mchezaji yuko wapi na kiumbe yuko wapi. Wa pili ni akili ya kiumbe mwenyewe. Huu unajua tu kile ambacho macho, masikio na mwili wake vimekipata. Mwongozaji anaweza kumpa kiumbe dokezo, lakini dokezo la eneo tu. Hampi mahali kamili ulipo, wala hamwambii kabati gani.

Fikiria watoto wanacheza kombolela jioni kule Gungu, na bibi amekaa barazani anachambua maharage. Bibi anawaona wote: mmoja nyuma ya mchikichi, wawili kwenye migomba, mwingine ndani ya pipa tupu. Anayetafuta akizubaa mno mbele ya nyumba, bibi anamwambia, "Hebu kaangalie na kule uani." Hataji pipa. Mtoto akifika uani ni juu yake kusikiliza, kuinama, kufunua. Na bibi akiona anayetafuta ameliganda pipa kwa muda mrefu mpaka yule wa ndani anakaribia kulia, anamwita, "Njoo unywe maji kwanza." Kazi ya bibi ni hizo mbili: kumsogeza anayetafuta ili mchezo usipoe, na kumwondoa ili mwenye kujificha asivunjike moyo. Mwongozaji wa Alien: Isolation anafanya hivyo hivyo, na kazi hiyo ya pili ndiyo watu wengi hawaijui.

Anaifanya kwa kutumia kipimo. Muda wote wa mchezo kuna hesabu inayoendelea kimyakimya, kipimo cha tishio. Kinapanda kiumbe anapokuwa karibu nawe, unapomwona kwa macho, anapoonekana jirani kwenye kitambuzi chako, au anapokuwa mahali ambapo anaweza kukufikia upesi. Hakipimi kama amekuona. Kinakadiria kiasi cha hofu unayoibeba. Kikifika juu, mwongozaji anamwamuru kiumbe aachane na eneo lile, naye anarukia tundu la hewa darini na kupotea. Hapo kipimo kinaanza kushuka. Kikishashuka vya kutosha, dokezo jipya linatolewa, na kiumbe anashuka tena, mara nyingi si mbali na ulipo.

Kwa hiyo maisha yake yana pande mbili. Akiwa chini, sakafuni, anatembea, anachunguza, anaweza kukuua wakati wowote. Akiwa juu, kwenye njia za hewa, yupo mapumzikoni kwa amri, lakini masikio yake hayajalala. Ukikimbia, ukifyatua risasi, ukigonga kitu, anaweza kushuka papo hapo bila kusubiri dokezo la mtu. Na kuna nyakati anakaa tu kwenye tundu la darini akisubiri upite chini yake. Ukiona ute unadondoka kutoka tundu lililo juu ya njia yako, usipite hapo.

Nimesikia watu wakisema kwamba mapumziko haya ni huruma, na kwamba gemu ya kutisha haipaswi kuwa nayo. Sikubaliani nao hata kidogo. Hofu isiyopumua inakufa. Mtu akikaa na kiumbe chumba kimoja kwa nusu saa, ataanza kumtazama kama kipande cha mashine: anageuka, anatembea, anageuka. Anayeondoka na kuacha kimya nyuma yake ndiye anayekufanya ushtuke na mlango wa umeme ulioufungua mwenyewe. Mabega yakishashuka kidogo, ndipo kishindo kinasikika tena darini.

Tukiuacha mfumo wa mwongozaji, akili ya kiumbe yenyewe inafanyaje kazi? Ina hisi kwanza. Macho yake yamegawanywa katika maeneo kadhaa: kuna eneo jembamba la mbele analoliona mbali na vizuri, na kuna pembeni ambako anahitaji muda zaidi kutambua kitu. Ndiyo maana unaweza kupita kwenye kona ya jicho lake ukanusurika, lakini huwezi kusimama katikati ya korido aliyoielekea hata akiwa mbali. Masikio yanapima kelele na umbali wake. Mguso ni mguso: akikukanyaga chini ya meza, umekwisha.

Baada ya hisi kuna maamuzi. Yamepangwa kama mti: shina, matawi, vijitawi, zaidi ya vituo 100 vya uamuzi kwa jumla. Kila wakati programu inashuka kwenye mti ikiuliza maswali. Namwona mchezaji? Basi mkimbilie. Simwoni, lakini nimesikia kitu? Nenda ulikotoka mlio. Nilimwona nikampoteza? Pekua mahali pa karibu panapoweza kumficha mtu. Hakuna chochote? Fuata dokezo la eneo, kague vyumba vyake. Kwa hiyo anapoingia kwenye chumba ulichomo bila kukuona, mara nyingi amekuja kufanya ukaguzi aliotumwa, na chumba chako ni kimoja kati ya vingi vya eneo hilo. Kwako inaonekana kama amekufuata wewe.

Matawi mengine ya mti huo yamefungwa mwanzoni. Yanafunguka kadiri mchezo unavyoendelea na kadiri unavyofanya mambo fulani. Bunduki ya moto ni mfano mzuri. Mara za kwanza ukimwelekezea moto anakimbia upesi. Baadaye anakuwa jasiri: anakaa kando ya miale, anasubiri, na wakati mwingine anakuvamia kabla hujamaliza kubonyeza. Mchezaji anahisi kwamba dude linamjifunza, na ndivyo walivyotaka ahisi. Kwa kweli hakuna ubongo unaokusanya habari zako na kuzichambua, kama zile programu za siku hizi zinazofunzwa kwa data nyingi. Kuna milango iliyojengwa tangu mwanzo, na funguo zake ni vitendo vyako. Kwangu mimi huo ni ufundi mkubwa zaidi, kwa sababu mtu alikaa Uingereza akawaza mapema utakachokitegemea, akakiwekea jibu.

Ufundi huo ni dhaifu kuliko unavyodhani. Mwaka 2013, mwaka mmoja kabla, ilitoka gemu nyingine ya viumbe hawahawa, Aliens: Colonial Marines, iliyotengenezwa na Gearbox. Viumbe wake walilaumiwa kwa ujinga: walikukimbilia mbele kwa mbele kama kuku waliomwagiwa mahindi. Miaka kadhaa baadaye mchezaji mmoja aliyekuwa akichokonoa mafaili yake aligundua kwamba kwenye faili moja la mipangilio neno la Kiingereza "tether" (kufungia mahali) limeandikwa "teather". Herufi moja imezidi. Kwa sababu yake, maagizo ya kuwaweka viumbe kwenye maeneo ya kuvizia yalikuwa hayawafikii sawasawa. Ukiifuta herufi hiyo, viumbe wanaanza kuzunguka na kutafuta njia za pembeni. Habari hiyo ilienea sana mwaka 2018. Sidai kwamba ingeiokoa gemu ile, maana ilikuwa na matatizo mengine mengi, lakini inaonyesha akili ya adui inavyosimama juu ya nyuzi nyembamba.

Sasa turudi kabatini, maana hapa ndipo ufafanuzi wote unapofanya kazi.

Mchezaji mgeni anajifungia kabatini na kusema: nitakaa hapa mpaka liondoke moja kwa moja. Linganisha na ulichokisoma. Dokezo la mwongozaji linafuata eneo ulilopo. Ukikaa palepale, eneo halibadiliki, na kila dokezo jipya linamrudisha kiumbe kwenye vyumba vilevile. Kipimo cha tishio kinamwondoa, kinashuka, anarudi. Unaweza kukaa humo robo saa ukimhesabu anapita na kupita, ukaapa kwamba anaiba. Hajaiba. Umemwekea miadi. Na kabati lenyewe si salama: akilikaribia inabidi uvute mwili nyuma na kubana pumzi, na ukibana sana afya ya Amanda inapungua. Akilifungua hakuna pa kukimbilia.

Mapumziko yake ndiyo nafasi yako. Ukisikia kishindo cha kurukia darini, hiyo ni ruhusa. Toka, tembea kwa kunyata au kwa mwendo wa kawaida, usikimbie, na usonge mbele badala ya kurudi ulikotoka. Wengi wanatumia dakika hiyo kuvuta pumzi, kisha wanatoka kabatini wakati dokezo jipya linatolewa. Kwenye hospitali ya San Cristobal, sehemu ya mapema ambayo imewafanya watu wengi waiache gemu, kosa ni hilohilo: korido ni fupi, makabati ni mengi, mtu anahama kabati kwenda kabati na hafanyi kazi aliyotumwa. Afadhali meza, toroli la wagonjwa, kaunta, vitu ambavyo unaweza kuvizunguka yeye akiwa upande wa pili. Ni hatari zaidi kwa macho, lakini una miguu.

Kelele nazo ni mali yako. Unaokota vipande vya chuma, betri, gundi na makorokoro mengine, unatengeneza kifaa cha kulia. Ukikirusha mwisho wa korido, kiumbe anakwenda huko kwa sababu sikio lake haliwezi kutofautisha mlio wako na wa kifaa. Na akiwa darini, ukikirusha katikati ya kundi la watu wenye bunduki waliokuzibia njia, atashuka na kuwamaliza. Nilipoona hilo mara ya kwanza sikufurahi, maana watu wale wanaogopa kama mimi. Gemu haikuhukumu kwa hilo. Inakuacha nalo.

Roboti wao ni habari nyingine, na nitawapitia haraka. Wanaitwa Working Joe, wana ngozi kama mpira na macho yanayowaka, wanazungumza kwa adabu huku wakikukaba koo. Kiumbe hawagusi. Hawakimbii, hawachoki, na kupigana nao kunapiga kelele inayomwita mwenye nyumba. Wakimbie tu.

Mandhari ya kituo yanastahili neno moja. Watengenezaji walipewa hazina kubwa ya picha na michoro ya utengenezaji wa filamu ile, wakaamua kwamba hakuna kifaa kitakachoingia kwenye gemu ikiwa kisingewazika mwaka 1979. Ndiyo maana kompyuta zina vioo vizito, vitufe vinagonga, hakuna kioo kinachoguswa kwa kidole. Picha za kwenye vioo hivyo walizirekodi kwenye kanda za VHS na kuzirudisha kupitia televisheni za zamani ili zipate mikwaruzo ya kweli.

Kwa wa Kigoma anayetaka kuicheza: haihitaji mashine ya kutisha. Kwa kompyuta, kiwango cha chini ni RAM ya GB 4, kadi ya picha yenye GB 1, na nafasi ya GB 35 kwenye diski. Laptop nyingi zilizotumika zenye kadi ya picha zinaiweza. Tatizo ni kuipakua. Kwa bando la simu ni bora umtafute mwenye intaneti ya ofisi au ununue diski ya PS4. Toleo la simu lilitolewa na Feral Interactive Desemba 2021, kwa Android na iPhone, na limefanywa vizuri kuliko nilivyotarajia, ila linataka simu yenye nguvu na nafasi kubwa, na kunyata kwa kidole kwenye kioo kunahitaji kuzoea.

Umeme ni suala lenyewe. Mji huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na kila mwenye kibanda ameshazimikiwa mechi ikiwa dakika ya themanini. Kwenye mpira unaanza upya. Hapa, umeme ukikatika umepoteza kila ulichofanya tangu simu ya dharura ya mwisho, na hiyo inaweza kuwa nusu saa ya kunyata. Kwa hiyo ukiipita simu ya ukutani na kiumbe yuko juu, sevu, hata kama ulisevu muda mfupi uliopita. Gemu nzima inachukua karibu saa 20. Haifai kuchezwa kwa zamu za dakika kumi za kibandani. Wenye vibanda wawili watatu wameanza kukodisha usiku kwa saa, na huo ndio mpango unaoifaa.

Kuna jambo la kelele za nje pia. Kwenye PS4 yenye kamera yake, na kwenye Xbox One yenye Kinect (kamera yake yenye maikrofoni), gemu ina mpangilio wa kusikiliza chumba ulichokaa. Ukiuwasha, sauti ya chumbani inakuwa sauti ya Amanda. Ukikohoa, kiumbe amekusikia. Rafiki akicheka kwenye benchi, bodaboda ikipita mlangoni, mvua ya Kigoma ikianza kupiga bati, vyote vinahesabiwa kuwa ni wewe. Nyumbani, usiku, peke yako, uwashe. Kibandani uzime, na uvae hedifoni, kwa sababu nusu ya habari zote unazozihitaji ziko kwenye sauti: mlango wa mbali, hatua nzito, kutambaa darini kushoto au kulia.

Na wenye vibanda nawaomba jambo moja kwa dhati. Gemu hii imepewa alama ya umri wa miaka 18 na PEGI, wapimaji wa gemu wa Ulaya, na alama hiyo ni ya haki. Kiumbe anaua kwa namna ambayo mtoto wa darasa la nne hatakiwi kuiona, na mchana vibanda vyetu vimejaa watoto wa darasa la nne. Iwekwe usiku, au isiwekwe.

Kuhusu ugumu, anza na wa kati. Ule wa chini unampunguza kiumbe makali mno, na utamaliza bila kukutana na mambo niliyoyaeleza hapa. Ukishamaliza mara moja, jaribu Nightmare, ambao waliuongeza baada ya gemu kutoka. Humo kitambuzi chako ni kibovu, kinakatika na kuruka, vifaa vya kuokota ni adimu, na kioo hakikuonyeshi afya wala risasi zilizobaki. Nilidhani ni ukatili wa bure. Lakini ukinyimwa kifaa unalazimika kumjua kiumbe kwa sauti ya hatua zake, kwa muda anaokaa darini, kwa jinsi anavyokagua chumba kabla ya kuondoka, na humo ndimo nilimoanza kuisikia mifumo yote miwili ikifanya kazi, mmoja ukimtuma na mwingine ukitafuta.